Nchi ya Divai ya Mwandawiro

Serikali ilifika kwa Mwandawiro Jumatatu saa nne asubuhi, imevaa kaptura ya kaki na soksi ndefu zilizolowa umande mpaka magotini, na jambo la kwanza ililofanya ni kumwamkia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Francis. Karibu ndani."

"Leo nimekuja kikazi, mjomba."

"Nimeziona soksi. Basi serikali ikae. Lakini ikae kwenye kigoda, maana kiti kina mguu mmoja unaoondoka bila kuaga."

Francis alikuwa mtoto wa dada yake Mwandawiro, na tena alikuwa msaidizi wa bwana shamba kule Wundanyi. Vyeo hivyo viwili havikupatana mwilini mwake. Alipokuwa mpwa aliinamisha kichwa, alipokuwa serikali alikohoa kwanza. Sasa akakohoa. Akatoa barua mfukoni, akaikunjua, akaisoma bila kumtazama mtu.

Mizabibu yote iliyopandwa kwenye ngazi ya juu ya shamba ing'olewe kabla ya mvua za vuli za mwaka huu wa 1956. Maji ya mfereji yaligawiwa wakulima kwa ajili ya mboga. Mboga ndizo zinazoteremka Voi na kupanda treni kwenda Mombasa. Zabibu hazijapanda kitu ila miti ya kuegemea.

"Hayo ya mwisho nayo yameandikwa?" Mwandawiro aliuliza.

"Hayo ni ya mzee Stephen. Aliyasema kwenye baraza la mfereji, na mimi nikayakumbuka."

"Una kumbukumbu nzuri. Umeirithi kwa mama yako, ambaye mpaka leo anakumbuka mbuzi niliyempoteza nikiwa na miaka tisa."

Mlangoni, Dinah, mke wake Mwandawiro, alikuwa amekaa na ungo mapajani akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa. Vidole vyake tu vilisimama kidogo, kisha vikaendelea.

"Lakini kuna jambo," Francis akasema, na hapo akawa mpwa tena, akavuta kigoda karibu. "Mjomba, nimekutetea. Niliandika ripoti. Nikasema hapa juu kuna mzee anayekamua divai, na baridi hii yetu huenda inafaa. Alhamisi anakuja bwana mmoja kutoka Nairobi. Kazi yake ni kuonja. Akisema divai yako ni kitu, mizabibu ibaki na maji yabaki. Akisema si kitu, Jumamosi jembe."

"Na maji?"

"Mboga ikishindwa kupandwa upesi, zamu yako ya Ijumaa atapewa mwingine. Stephen ameshawataja wawili."

Mwandawiro akaangalia nje. Shamba lake lilikuwa ngazi tatu zilizojengewa kuta za mawe ubavuni mwa mlima. Ya chini ilikuwa na nyumba na miwa. Ya kati ilikuwa ya Dinah, ya maharagwe, na ilinyweshwa na masalio ya maji yaliyoteremka kutoka juu. Ya juu ndiyo iliyoguswa na mfereji wenyewe, udongo mweusi, na hapo palisimama mizabibu arobaini na mmoja. Ukiongeza sita ya Penina, jirani yake mjane, nyuma ya choo chake, hiyo ndiyo iliyokuwa nchi nzima ya divai. Mtu angeweza kuizunguka akiwa na uji mkononi, arudi ukiwa bado moto.

Bruda mmoja wa misheni ndiye aliyempa vijiti vya kwanza, akamwambia kwamba huko kwao divai bora hutoka milimani, penye baridi. Mwandawiro alirudi nyumbani akatazama. Akaona mlima. Akaona baridi. Akaona ukungu ukiingia dirishani kama mgeni asiyebisha hodi. Akasema, sifa zote ninazo, imebaki divai tu.

"Mama Elsie," alimwita mkewe Francis alipokwisha kuondoka, "umesikia? Kutoka Nairobi. Kuja kuonja yangu mimi."

"Nimesikia."

"Unaonaje?"

"Maharagwe yameingia wadudu," Dinah akasema, akapeta ungo.

Ngazi ya juu ilikuwa ya kabichi zake kabla haijawa ya zabibu. Kwa miaka mitatu hakuwa amesema neno juu ya hilo. Mwandawiro, kwa akili alizopewa, alihesabu ukimya huo kuwa ni ruhusa.

*

Jumanne walisafisha mfereji, watu kumi na wanne na majembe, maji ya barafu mpaka vifundoni. Mwandawiro alijua watamfanyia mzaha, kwa hiyo akaamua kuwatangulia. Hiyo ilikuwa dawa yake ya siku zote: mtu akijicheka kwanza, wenzake hubaki na makombo.

"Jamani," alisema akitupa tope ukingoni, "Alhamisi mtaniamkia kwa adabu. Nitakuwa bwana mkubwa mwenye mashamba ya divai. Nitanunua kofia."

"Utaivalia wapi?" mmoja akauliza. "Kichwa chenyewe kimejaa zabibu."

"Zimejaa lakini hazijaiva," Mwandawiro akajibu, na wote wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Stephen hakucheka. Alikuwa mzee wa mfereji, mtu mrefu aliyepinda mgongo kwa miaka ya kuchungulia kama maji yanaibwa. Alisimama, akaegemea jembe.

"Mimi si adui yako, Mwandawiro."

"Najua. Ungekuwa adui ningekuwekea divai."

"Nasema kweli. Maji yamepungua. Kuna vijana wameoa, hawana zamu hata moja. Nikiwaambia Ijumaa nzima ni ya mtu anayenywesha kitu kisicholiwa, watanionaje? Hiyo miti imekaa miaka mitatu. Umekula nini kutoka kwayo?"

Mwandawiro alitafuta mzaha. Alizoea kuupata haraka, kama mtu anavyopata kiberiti gizani kwa kupapasa rafuni, lakini safari hii rafu ilikuwa tupu. "Subiri Alhamisi," akasema tu.

Jioni alikwenda kwa Penina kuazima bilauri, maana nyumbani kwake vyombo vya kunywea vilikuwa vikombe vya bati na kibuyu. Penina alikuwa na bilauri mbili za kioo, zawadi ya arusi ya mwanawe, amezifunga kwenye kanga. Mwandawiro akamletea tone la divai kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, kama shukrani.

Penina akaonja. Akafumba jicho moja.

"Sema tu, dada."

"Inanikaza masikio."

"Masikio? Hiyo ni dalili nzuri. Pombe ya kawaida huishia magotini."

"Mwandawiro, zabibu zako hazipati jua. Zangu vilevile. Mwezi wa sita mpaka wa tisa hatulioni jua hapa, tunasimuliwa tu na watu wanaotoka Voi. Zinakuwa kijani, zinakuwa kijani tena, halafu unazichuma." Akamkabidhi zile bilauri. "Zikivunjika usirudi huku. Na umemuuliza Dinah anataka nini?"

"Dinah hana neno."

"Ahaa," Penina akasema, kwa namna ambayo mtu mwenye akili angeirudia kichwani njia nzima. Mwandawiro njia nzima aliwaza jinsi atakavyoshika chupa.

*

Alhamisi ukungu ulishuka mpaka mtu akinyoosha mkono hakukiona kiganja chake. Gari la serikali lilisikika kabla ya kuonekana, likipanda likinung'unika. Kwanza aliteremka dereva, Musyimi, Mkamba mnene wa Voi aliyejifunika koti na bado akatetemeka. Kisha Francis na soksi zake. Kisha bwana mwenyewe: mwembamba, mwenye pua nyekundu, shali shingoni. Alimpa Mwandawiro mkono, jambo ambalo Mwandawiro alilihifadhi akilini ili aje alisimulie.

Hakutaka kuingia ndani. Alitaka kuona miti. Wakapanda mpaka ngazi ya juu, na hapo Mwandawiro akaweka bilauri juu ya jiwe la ukuta, akamimina kutoka kwenye chupa iliyokuwa ya mafuta ya nywele, ambayo aliiosha mara sita. Watu wa mfereji walikuwa wamepanda nao, wakajipanga kwenye ukuta kama kunguru. Dinah alisimama pembeni, mikono ndani ya leso.

Bwana akainua bilauri, akaitazama kwenye mwanga kidogo uliokuwapo. Akanusa. Akavuta funda moja. Akalizungusha mdomoni, mashavu yakijaa upande huu na upande ule, macho ameyafumba. Kisha akaegemea mbele, na kwa nguvu, *pfuu!*, akairusha yote juu ya mizabibu. Akasema maneno mawili matatu kwa lugha yake, polepole. Akavuta tena. Akatema tena, upande wa pili. Akasema tena.

Kunguru wote ukutani wakanyamaza.

Maana hakukuwa na mtu pale ambaye hakulijua jambo hilo. Walilijua tangu migongoni mwa mama zao. Mzee akiwa na hasira moyoni na mtu wa nyumbani, na hasira ile ikawa inaleta ugonjwa au kukausha mimea, huitwa. Hupewa pombe ya miwa au maji, hujaza mdomo, huinyunyiza chini, na katikati ya mafunda hunena: kama nilikuwa na kinyongo, kimetoka, sasa watu wapone, mimea iote. Wao huliita kutasa. Kanisani hawakulizungumzia sana. Nyumbani walilifanya kwa maji, mlango umefungwa, na mimea iliota.

Mara ya tatu bwana akatema, akapangusa midomo kwa kitambaa, akagusa jani la mzabibu mmoja kwa vidole viwili, kwa upole kabisa. Akaomba chupa mbili za kuondoka nazo.

"Amesema nini?" Mwandawiro alimnong'oneza Francis.

"Sikushika yote. Amesema kitu kuhusu mawe. Na baridi. Mjomba, majibu yatakuja kwa barua."

"Barua ya nini tena?" Mwandawiro macho yalimlengalenga machozi. "Hukuona? Mara tatu! Serikali ilikuja na hasira yake, imeitema hapa hapa mbele ya mashahidi."

"Mjomba, sijui kama…"

"Wewe umesoma sana, ndiyo maana huoni."

Gari lilipoondoka hata Stephen alimpa mkono. "Sijawahi kuona Mzungu akitasa," akasema, akitikisa kichwa. "Kama yeye mwenyewe ameondoa neno, mimi ni nani?"

Usiku, moto ukififia, Dinah ndiye peke yake aliyeuliza. "Baba Elsie, Mzungu amejifunzia wapi mambo hayo?"

"Mate ni mate. Au yao ni maziwa?"

"Mtu akitasa hunena hasira yake ni ya nini. Yule amenena nini?"

"Amenena Kizungu! Ulitaka anene Kidawida?"

Dinah akasogeza kuni. "Kesho naenda kumwona Elsie na mtoto," akasema. "Nitarudi jioni."

*

Ijumaa ilikuwa zamu ya maji. Hilo ndilo lililomwingiza Mwandawiro kwenye balaa, maana mtu mwenye furaha asiye na maji angesubiri. Mwandawiro alikuwa na vyote viwili.

Alikuwa na vijiti zaidi ya sitini vya mizabibu alivyokwisha kuvikata na kuvifukia kwenye majani mabichi. Vijiti hupenda kupandwa na kunyweshwa siku hiyo hiyo. Zamu nyingine ingekuwa wiki ijayo, na wiki ijayo vingekuwa kuni. Ngazi ya juu ilikuwa imejaa. Ngazi ya kati ilikuwa na maharagwe ya Dinah, yametoa maua, meupe kama chumvi iliyomwagika.

Alisimama mbele ya maharagwe yale muda mrefu. Ieleweke kwamba alisimama. Alijiambia kwamba yana wadudu, Dinah mwenyewe alisema. Alijiambia kwamba divai ikianza kuteremka Voi, Dinah atanunua maharagwe kwa gunia, ayakalie kama kiti. Alijiambia mambo mengi mazuri sana, na mtu anayejiambia mambo mazuri hivyo hana haja ya mshauri.

Penina alipita njiani na mzigo wa kuni, akaona maharagwe yanang'olewa, akautua mzigo.

"Wewe! Hayo si ya Dinah?"

"Ni yetu."

"Yameshashika maua, mwanaume! Ngoja angalau barua."

"Barua imetemwa jana, dada. Mara tatu."

Penina akabeba kuni zake tena. Akaenda zake haraka haraka, kama mtu aliyeona nyumba inaungua na hana ndoo.

Saa kumi na moja jioni Dinah akarudi. Mwandawiro alikuwa amemaliza. Vijiti sitini na tatu vilisimama mistari, maji yaking'aa kati yake, na yeye akiwa na tope mpaka kwenye nyusi, akitabasamu. Maharagwe yalilala rundo moja kwenye ukuta, maua yakiwa yameanza kunyong'onyea.

Dinah hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alitua kikapu, akaenda kwenye rundo, akachukua shina moja, akalitazama mizizi. Akalikung'uta udongo taratibu. Akalilaza pembeni. Akachukua la pili. Alifanya hivyo mpaka giza likaingia, na Mwandawiro alisimama pale akisubiri nafasi ya kusema ule mzaha alioutayarisha, juu ya kukalia gunia. Nafasi haikuja.

*

Jumamosi Musyimi ndiye aliyefika kwanza, Francis nyuma yake. Francis alikuwa amevua soksi. Aliposhindwa kufungua bahasha, Mwandawiro akajua.

"Isome, mpwa wangu. Kohoa kwanza."

Francis hakukohoa. Bwana alisema divai ni chachu mno, haijakomaa, zabibu zimechumwa mbichi na hapa haziwezi kuiva kwa sababu ya ukungu. Haifai kunywewa. Mizabibu ing'olewe, ngazi irudishwe kwenye mboga.

"Lakini alitasa," Mwandawiro akasema. Sauti ilimtoka ndogo. "Musyimi, wewe ulikuwepo. Alitema mara tatu."

Musyimi alimtazama kwa huruma, na huruma ya Musyimi ilikuwa nzito kama yeye. "Mzee wangu, yule hutema zote. Mimi namwendesha mwaka wa pili. Hutema hata zile zinazoletwa na meli kutoka kwao. Hamezi hata tone."

"Zote?"

"Zote. Nilimuuliza mpishi wake. Akasema akimeza atalewa kabla ya saa sita, na kazi itamshinda. Mzee, yule mtu analipwa mshahara kutema."

Kisha Mwandawiro akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na hakuna aliyecheka naye. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alijicheka na hakuna aliyeyataka hata makombo.

"Kuna watu wanalipwa kutema," alisema alipopata pumzi, "na kuna watu wanang'oa maharagwe bure."

Waliokuja kung'oa walikuwa watu wa mfereji, wote kumi na wanne. Alitarajia mzaha, na angeupenda. Badala yake Stephen alikuja na jembe lake mwenyewe, akaanzia mstari wa nyuma, kimya kimya, na wengine wakamfuata kama watu wanaochimba kaburi. Mmoja alimwita "mzee wetu." Hapo ndipo alipojua ameanguka sana. Francis alikunja mikono ya shati, akang'oa karibu na mjomba wake, na mara mbili akajipangusa uso kwa bega.

Mizizi ilikuwa imeingia ndani ya mawe. Mzabibu mmoja ulipovutwa ukatoka na kipande cha ukuta, na watu watano wakakimbia kushika mawe yasiangukie ngazi ya kati. Mwandawiro akiwa amekumbatia jiwe kifuani alifikiri: hata inapoondoka inataka kuondoka na kitu changu.

Adhuhuri mizabibu yote arobaini na mmoja ilikuwa imelala chini, na vile vijiti sitini na tatu vilikuwa vimechomolewa kwa mkono, maana havikuwa na mizizi ya kubishana. Juu ya nyumba kote sasa kulikuwa udongo mtupu, ngazi mbili zikitazamana, hakuna hata jani la kuficha sungura.

"Ijumaa ijayo maji bado ni yako," Stephen akasema. "Kama kutakuwa na miche ya kunywesha. Nikikuta udongo mtupu, sina la kuwaambia vijana."

Penina alikuwa amekuja na miche ya kabichi kutoka kitaluni kwake, amefunga kwenye majani ya mgomba. Lakini hakumpa Mwandawiro. Alimwendea Dinah, aliyekuwa amesimama kwenye ukuta tangu asubuhi, akamwambia kwa sauti ambayo wote waliisikia:

"Binti yangu, hapa hapawezi kupandwa hivi hivi. Wewe una neno moyoni, na mtu yeyote mwenye macho analiona. Miche itakauka. Chukua maji kidogo, uteme, uliseme, liishe."

Akamwekea kibuyu mkononi. Watu wote wakashusha majembe. Mwandawiro akavua kofia yake ya zamani, ile ambayo hakupata nafasi ya kuibadilisha, akangoja. Aliomba Mungu, na kwa usalama zaidi aliwaomba na wazee wake waliokufa, kwamba ateme tu. Hakutaka msamaha mrefu. Funda moja lingetosha.

Dinah akakitazama kibuyu. Akamtazama mumewe, kuanzia kichwa chenye upara uliolowa ukungu mpaka miguu yenye tope la jana.

"Sitatema," akasema.

"Dinah!" Penina akashtuka.

"Mama, sikatai. Lakini hasira hii naihitaji bado. Miaka mitatu nimeikalia, imepata moto jana tu. Ngazi mbili zinangoja kulimwa kabla ya Ijumaa, na huyu," alimwonyesha Mwandawiro kwa kidevu, "analima kama mtu anayekuna mgongo. Nikiitema leo, nitalimia nini?"

Mtu mmoja akakohoa kicheko. Kisha wa pili. Kisha wote, hata Stephen, na Dinah mwenyewe hakucheka hata kidogo. Akanywa yale maji. Aliyameza, mbele ya wote, funda baada ya funda, akamrudishia Penina kibuyu kitupu, akachukua jembe.

Alilima Jumamosi ile mpaka kiza. Jumapili alikwenda kanisani, akarudi, akabadili nguo na kulima. Jumatatu mpaka Alhamisi Mwandawiro alibeba mawe, akajenga ukuta, akabeba mbolea kutoka zizi la Stephen, na kila alipogeuka alimkuta mkewe amemtangulia mistari mitatu, jembe likiingia udongoni kwa sauti ya mtu anayejibu swali. Alimwogopa, akampenda, na hakujua aanze na lipi.

Ijumaa maji yalipofika yalikuta miche mia mbili na kumi. Dinah alisimama katikati yake, amelowa, akinyoosha mgongo. Mwandawiro akaona ndiyo nafasi.

"Mama Elsie. Sasa kazi imekwisha. Utatema lini?"

Dinah akafikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayepima kitambaa.

"Kabichi zikifunga vichwa," akasema.

*

Watu wa milima ile walikwisha kuona wanaume wakipenda ng'ombe, wakipenda redio, wakipenda baiskeli. Hawakuwahi kuona mwanaume akipenda kabichi. Mwandawiro aliziamkia alfajiri. Aliokota viwavi mmoja mmoja, akawaweka kwenye kopo, akawapeleka mbali, upande wa shamba la Stephen, mpaka Stephen alipomkamata. Mvua za vuli zilipochelewa alichota maji mtoni kwa debe, safari kumi na mbili kwa siku, mabega yakachubuka. Vijana waliompita njiani wakamwita Bwana Kabichi. Akawajibu kwamba wamkome, kwamba cheo hicho hakikuletwa na mtu kutoka Nairobi, amekipata nyumbani kwake.

Dinah alimpikia, akampakulia, akamfulia shati. Alizungumza naye juu ya Elsie, juu ya chumvi, juu ya paa linalovuja. Lile jambo lenyewe lilikaa kati yao mezani kama mgeni anayekula kidogo na haagi.

Wiki ya pili ya Desemba, asubuhi ya ukungu, Mwandawiro alipiga magoti kwenye ngazi ya juu. Magoti yalilia. Majani ya kabichi ya kwanza yalikuwa yameanza kupinda kwa ndani, yakikumbatiana, tone moja la maji limelala katikati. Akajipangusa kidole gumba kwenye suruali, kiwe safi. Akabonyeza.

"Vipi?" Dinah aliuliza kutoka jikoni.

Akabonyeza tena, akitumaini kwamba kidole ndicho chenye makosa.

"Bado laini."

"Basi bado," Dinah akasema, na kutoka kwenye moshi wa jiko ikasikika sauti kama ya mtu anayemeza kicheko kwa shida.

Mwandawiro akatambaa kwa magoti mpaka ya pili.